Nyumba ikiungua na mkadiria hasara asipofika

Usiku wa tarehe 19 Agosti 2021 nyumba yetu ya mtaa wa Kimanga, mjini Uvira, iliungua moto. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Yapata saa nne za usiku ukarudi kwa nguvu kupita kiasi, waya mmoja juu ya dari ya ukumbi ukashika moto, na kabla hatujajua la kufanya dari nzima ilikuwa ikiwaka. Twamshukuru Mungu kwamba watoto wote wanne walitoka salama. Majirani, wake kwa waume, walipanga mstari wa ndoo wakapigana na moto hadi saa saba. Vyumba viwili vya nyuma viliokoka. Ukumbi, vyumba vitatu vya mbele, mabati, vitabu, vyeti vyetu vya shule, na cherehani ya mama watoto iliyokuwa ikitusaidia kulipa karo, vyote viliteketea.

Asubuhi watu waliokuja kutupa pole walisema neno moja: "Mwalimu, ninyi afadhali, mna bima." Ni kweli tulikuwa nayo, ingawa hatukustahili sifa yoyote kwa jambo hilo. Benki iliyotukopesha fedha za kujengea ndiyo iliyotulazimisha kukata bima ya moto, nasi kila mwaka tulilipa ada yake huku tukinung'unika. Asubuhi ile tulijiona watu wenye bahati. Hatukujua kwamba yangepita majuma 11 kabla mtu wa bima hajayakanyaga majivu yale.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki habari hizi ili kumwaibisha mtu. Kampuni yenyewe hatutaitaja. Twaandika kwa sababu jamaa nyingi sasa zinaanza kukata bima, na ni wachache wajuao la kufanya kampuni inaponyamaza.

Bima katika nchi yetu

Bima, ambayo wengi wa Uvira huiita asiranse, si sadaka wala bahati nasibu. Ni mapatano. Watu wengi hutia kidogo kidogo katika mfuko mmoja, ili yule atakayepatwa na msiba asaidiwe kutoka katika mfuko huo. Watu wa London walianza kuifanya bima ya moto kuwa biashara baada ya moto mkuu wa mwaka 1666, ulioteketeza sehemu kubwa ya mji wao. Miaka kama 15 baadaye Nicholas Barbon alifungua huko ofisi ya kuzikatia nyumba bima.

Hapa Kongo serikali iliunda shirika la SONAS mwezi wa Novemba 1966, na kwa muda wa karibu miaka 50 shirika hilo peke yake lilikuwa na ruhusa ya kuuza bima katika nchi nzima. Mwaka 1974 bima ya moto iliingizwa kati ya bima za lazima. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliwafungulia mlango wafanyabiashara wengine. Mwaka 2016 ikaundwa ARCA, yaani Mamlaka ya Kusimamia na Kukagua Bima, yenye makao yake Kinshasa, na mwaka 2019 makampuni ya kwanza ya binafsi yakapewa vibali. Kwa hiyo mambo haya bado ni mageni kwetu. Wazee wetu walitufundisha namna ya kudai mahari na namna ya kudai mpaka wa shamba, lakini hawakutuachia desturi ya kudai fidia ya bima.

Asiyeona faida ya bima na akumbuke Bujumbura, mji tunaouona kwa macho ng'ambo ya ziwa. Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la mji ule liliungua. Wazima moto walishindwa, hata helikopta zikaja kutoka Rwanda kumwaga maji. Wachuuzi kwa maelfu walipoteza bidhaa zao. Wengi wao walikuwa wamekopa benki, na wenye bima walikuwa wachache sana. Bidhaa ziliteketea, madeni yakabaki.

Lakini kuwa na bima si mwisho wa taabu. Mwaka 1906 mji wa San Francisco, katika Marekani, ulipigwa na tetemeko la ardhi, kisha na moto wa siku tatu. Majengo yapatayo 28,000 yaliharibika. Yako makampuni yaliyolipa kila walichoahidi. Mengine yaliwapa wenye nyumba robo tatu tu ya haki yao, na mengine yalijitetea yakisema kwamba nyumba fulani iliangushwa na tetemeko kwanza, wala si moto, kwa hiyo hawana deni. Ubishi wa namna hiyo, wa kutafuta ni kitu gani kilichoangusha ukuta, ulikuja kutukuta hata sisi Kimanga.

Kosa letu la kwanza

Mkadiria hasara ni mtu anayetumwa na kampuni ya bima aje atazame mahali palipoungua, atafute chanzo cha moto, apime, ahesabu na kuandika ripoti. Yeye hana mamlaka ya kulipa. Kazi yake ni kushauri, na kampuni ndiyo inayoamua. Jambo hili hatukulijua, nasi tulilipa ujinga wetu kwa majuma mengi.

Asubuhi ya tarehe 20 Agosti tulipiga simu ofisini, Bukavu. Sauti ya upole ilitujibu: "Pole sana, Mwalimu. Msiguse kitu chochote hadi mkadiria hasara afike. Atafika juma hili." Wakatupa namba yake. Siku ileile tulimwita afisa wa polisi, akaja akaona, akaandika taarifa ile ambayo watu wote huiita PV. Mkuu wa mtaa naye akatia sahihi. Mkataba wa bima wenyewe ulikuwa umeungua pamoja na vyeti, lakini kwa bahati nakala yake ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yetu shuleni.

Dada mkubwa wa mama watoto alitupatia vyumba viwili. Watoto walilala kwenye mikeka. Juma lile likapita, likaja la pili, likaja la tatu. Tulipompigia simu mkadiria, mara ililia bila kupokewa, mara aliipokea akasema, "Mwalimu, niko njiani kwenda kwingine, nitakuja Jumatatu," kisha Jumatatu akawa hapatikani kabisa. Katika siku 24 tulimpigia mara 17. Kila siku tulipita kutazama kuta zetu zilizosimama bila paa, na kila siku tulitazama mawingu juu ya milima ya Itombwe, maana mvua za Septemba zilikuwa karibu. Tukiziacha kuta wazi, zingeanguka. Tukizifunika, labda wangesema tumegusa.

Kosa letu lilikuwa hili: tulimfanya mkadiria kuwa mdeni wetu. Tulimngoja yeye, tulimsihi yeye, tulimkasirikia yeye. Lakini hatukuwa na mkataba naye. Ahadi ni deni, na aliyeahidi ni kampuni.

Maneno ya mzee mmoja

Tarehe 13 Septemba tulisafiri kwenda Bukavu, safari ya kilomita zipatazo 130, kwa kupita Kiliba, Sange, Luvungi na Kamanyola, kisha kupanda milima ya Ngomo. Kesho yake tulikaa katika ubao wa kungojea tangu saa tatu asubuhi. Ilipofika saa nane karani akatuambia: "Mkadiria yuko safarini. Rudini juma lijalo."

Katika ubao uleule alikuwamo mzee mmoja mfanyabiashara, ambaye ghala lake lilikuwa limeungua. Alikuwa amesikia yote. Akatuuliza:

"Mwalimu, umeleta barua?"

"Hapana, Mzee. Tumepiga simu mara kumi na saba."

Akatikisa kichwa. "Simu haina muhuri, mwanangu. Kesho watakuambia kwamba hukupiga hata mara moja, na utawaonyesha nini? Nenda ukaandike barua, nakala mbili. Moja waachie. Ya pili waigonge muhuri wa kupokea, waandike na tarehe, na jina la aliyepokea. Kungoja kwako kutahesabiwa kuanzia leo."

Tuliona haya. Sisi ndio tufundishao watoto kuandika barua, tukiwaambia anwani iandikwe wapi na tarehe iandikwe wapi, nasi katika shida yetu kubwa kuliko zote hatukuandika hata mstari mmoja. Tulinunua karatasi katika duka la ng'ambo ya barabara, tukaandika palepale juu ya goti. Twaitoa barua hiyo hapa, kwa kuwa huenda ikamfaa mtu:

"Bwana Mkurugenzi, nyumba yetu ya Kimanga, Uvira, yenye bima kwa mkataba uliotajwa hapo juu, iliungua usiku wa tarehe 19 Agosti 2021. Tuliwaarifu kwa simu tarehe 20 Agosti. Hadi leo, siku ya 26, hakuna mkadiria hasara aliyefika. Tunaambatanisha nakala ya mkataba, nakala ya taarifa ya polisi, orodha ya vitu vilivyoharibika, na picha 12 zilizopigwa tarehe 20 Agosti. Tunaomba mtuandikie siku atakayofika. Kwa kuwa mvua inakaribia, na kwa kuwa mkataba unatuagiza kuzuia hasara isizidi, tunawaarifu kwamba tarehe 20 Septemba tutafunika kuta kwa turubai, baada ya kupiga picha nyingine, bila kuondoa kitu. Mkiwa na neno la kupinga, tafadhali mtuandikie kabla ya siku hiyo."

Karani aliisoma, akaingia ndani, akatoka. Akagonga muhuri. Sura yake haikuonyesha furaha, lakini aligonga.

Mvua na matabishi

Msomaji asidhani kwamba kesho yake mkadiria alikuja mbio. Hakuja. Tarehe 20 Septemba tulipiga picha nyingine mbele ya mkuu wa mtaa, tukafunika kuta kwa turubai la kuazima. Tarehe 27 mvua kubwa ikanyesha usiku kucha, upepo ukalirarua turubai, na ukuta wa upande wa mashariki, ambao matofali yake yalishikana kwa udongo tu, ukaanguka. Tulipiga picha tena. Tukaandika tena.

Wakati huo kijana mmoja, aliyejiita rafiki wa watu wa ofisi, alitutumia ujumbe. Alisema kwamba mkadiria si mtu mbaya, ila hana mafuta ya gari. Tukimpatia dola 50 za safari, tutamwona kesho kutwa. Kwetu sisi vitu vya namna hiyo vina jina lao: matabishi. Usiku huo tulizungumza na mama watoto hadi saa sita. Yeye alisema: "Watoto wanalala chini mwezi wa pili sasa. Dola 50 ni nini mbele ya nyumba?" Hakusema kwa tamaa. Alisema kama mama. Nasi hatukuwa na jibu jepesi. Tulimwambia tu kwamba safari ya mkadiria hulipwa na kampuni iliyomtuma. Kwamba anayelipa ili mtu aje, atalipa tena ili apime, na tena ili atie sahihi. Na kwamba barua zetu zilikuwa na nguvu kwa sababu hazikuwa na doa. Siku tutakapotoa matabishi, hatutaweza tena kumwandikia mkurugenzi kwa ujasiri. Mama watoto alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Basi kesho andika barua ya tatu."

Rafiki mwingine alitushauri tuongeze katika orodha friji na televisheni, vitu ambavyo hatukuwa navyo. "Wao wanawaibia," alisema, "nanyi rudisheni chenu." Hilo nalo tulilikataa. Tukiacha dhambi yenyewe, ni upumbavu pia. Mikataba ya bima kwa kawaida husema kwamba mwenye kutoa habari za uongo kwa kusudi hupoteza haki yake yote. Kwa friji isiyokuwako mtu aweza kupoteza nyumba iliyokuwako.

Tarehe 8 Oktoba tuliandika barua ya tatu. Safari hii tuliongeza mambo mawili. Kwanza, tulitaja barua zilizotangulia, kila moja na tarehe ya muhuri wake. Pili, chini ya sahihi tuliandika: "Nakala kwa ARCA, Kinshasa," na kweli tuliituma nakala hiyo, maana moja ya kazi za mamlaka ile ni kulinda haki za wenye bima. Barua haikuwa na tusi wala kitisho. Ilisema tu kwamba tusipopewa siku ya ukaguzi kabla ya mwisho wa mwezi, tutamwomba wakili kuwapelekea hati ya kuwataka watimize mkataba, na baada ya hapo tutakwenda mahakamani.

Mwisho wa mwezi simu yetu ililia. Alikuwa mkadiria mwenyewe.

Alivyokuja

Alifika Alhamisi tarehe 4 Novemba, saa nne asubuhi. Kwa muda wa majuma 11 tulikuwa tumejichorea moyoni sura yake, sura ya mtu mnene, mwenye kiburi. Aliyeshuka kwenye gari alikuwa kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi la bonde la Ruzizi. Alitusalimu kwa heshima, akasema: "Mwalimu, nisamehe. Mafaili ni mengi, nami niko peke yangu." Tuliamini kwamba asema kweli. Lakini twasema pia kwamba uchache wa wafanyakazi ni shauri la kampuni, wala haufuti deni la mwenye nyumba.

Alipima kwa muda wa saa moja na nusu. Alipofika upande wa mashariki akasimama.

"Ukuta huu uliangushwa na mvua," akasema. "Bima yenu ni ya moto."

Hapo ndipo tulipoleta bahasha. Tulimwonyesha picha ya tarehe 20 Agosti, ukuta umesimama bila paa, umepasuka kwa joto kutoka juu hadi dirishani. Tulimwonyesha picha ya tarehe 20 Septemba, turubai limefungwa. Tukampa barua yenye muhuri, iliyoomba ukaguzi kabla ya mvua. Aliisoma mara mbili. Kisha akafungua daftari lake akauandika ukuta ule pamoja na kuta nyingine.

Wasomaji wapenzi, ukuta huo ulikadiriwa dola 1,100. Ni barua moja, iliyoandikwa juu ya goti, iliyouokoa. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu ya fidia

Ripoti ilipotoka, hasara ya jengo ilikadiriwa dola 8,000. Lakini kampuni ilikubali kulipa 6,000 tu. Tulikasirika, tukadhani tumedhulumiwa. Haikuwa hivyo, na hapa yatupasa kukiri kosa letu wenyewe.

Tulipokata bima, nyumba ilikuwa na thamani ya dola 12,000, na ndiyo thamani tuliyoiandika. Baadaye tuliongeza vyumba viwili, lakini hatukuiarifu kampuni kwa sababu hatukutaka ada ipande. Siku ya moto nyumba ilikuwa na thamani ya dola 16,000. Basi bima yetu ilifunika robo tatu tu ya nyumba, na katika hali hiyo kanuni ya bima husema kwamba kila hasara, hata iwe ndogo, italipwa robo tatu. Robo tatu ya 8,000 ni 6,000. Tulipiga hesabu hiyo ubaoni darasani, wanafunzi wakaielewa upesi kuliko sisi tulivyoielewa.

Tena, mkataba ulikuwa wa jengo peke yake. Cherehani, vitanda, nguo na vitabu havikuwamo. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa rehani ya benki, benki ilichukua kwanza dola 2,500 zilizobaki katika deni letu. Mwezi wa Machi 2022 tulipokea dola 3,500. Kwa fedha hizo tulirudisha kuta na mabati. Cherehani ilirudi kwa njia nyingine: akina mama wa likelemba ya mama watoto walikubaliana kumpa zamu kabla ya wakati wake.

Kama tusingekubaliana na hesabu ya mkadiria, kulikuwa na njia. Mikataba mingi ya bima ya moto humruhusu mwenye nyumba kumweka mkadiria wake mwenyewe, kwa gharama yake. Wakadiria wawili wasipopatana, humchagua wa tatu awaamue. Kwa nyumba ndogo gharama hiyo ni kubwa, lakini kwa ghala au duka yaweza kufaa.

Nchi nyingine za jirani zina milango yake. Burundi nayo ina msimamizi wa bima mwenye jina la herufi zilezile, ARCA. Kenya ina mamlaka yake ya bima, na sheria yao huitaka kampuni ilipe dai katika muda wa siku 90 tangu lilipopelekwa. Tanzania, pamoja na mamlaka ya TIRA, ina Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mtu aweza kumwendea kabla ya kufikiri mahakama. Mwenye duka Uvira na ghala Bujumbura ajue basi kwamba kila mkataba hufuata sheria ya nchi yake.

Ya kushika

Twamaliza kwa kuyakusanya mafundisho yetu, ili baba na mama wayasome pamoja jioni hii, kabla ya moto, wala si baada yake.

1. Someni mkataba. Tazameni siku mlizopewa za kuarifu, maana huwa chache, na mtazame mambo yaliyoachwa nje. Mikataba mingi huacha nje hasara za vita na ghasia, na katika nchi yetu neno hilo si dogo. Tena bima ya moto si bima ya maji: waliobomolewa nyumba na mto Mulongwe katika mafuriko ya Aprili 2020 wasingesaidiwa na mkataba wa moto peke yake.

2. Andikeni thamani ya kweli ya nyumba, na mkiongeza chumba, iarifuni kampuni. Ulizeni pia kama vitu vya ndani vimo.

3. Wekeni nakala za mkataba, za stakabadhi za ada na za vyeti mahali pengine mbali na nyumba: shuleni, kazini, au kwa ndugu mwaminifu.

4. Moto ukitokea, iteni polisi na mkuu wa mtaa siku ileile, pigeni picha za kila upande, andikeni orodha mkingali mnakumbuka.

5. Pigeni simu, lakini siku hiyohiyo andikeni pia barua. Iandikieni kampuni, wala si mkadiria peke yake. Nakala ya pili irudi na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea.

6. Zuieni hasara isizidi, lakini arifuni kwanza, na mpige picha kabla na baada.

7. Msitoe matabishi, wala msiongeze uongo. Kampuni ikizidi kunyamaza, pandeni ngazi moja moja: mkurugenzi, kisha ARCA, kisha wakili, kisha mahakama.

Yule mzee wa Bukavu hatukumwona tena, wala hatujui kama ghala lake lililipwa. Lakini tangu mwaka ule, kila mwaka tunapofundisha somo la barua, hatuwaambii tena wanafunzi wamwandikie shangazi habari za likizo. Twawapa kazi hii: "Nyumba ya baba yako imeungua, na mtu wa bima haji. Mwandikie mkurugenzi." Wao huandika, nasi husahihisha. Na barua nzuri kuliko zote tunaigonga muhuri wa shule, tunaandika tarehe, tunamrudishia mwenyewe nakala yake.